Muziki wa viola tano upigwe na luti moja (au gitaa, kama luti huna)

Ukizoea udi wa taarab hapa Mombasa, ule wa akina Zein l'Abdin, unajua udi hushika mstari mmoja wa wimbo ukaupamba wee, na hio inatosha kabisa. Luti ni mtoto wa huo huo udi, uliingia Ulaya kupitia Andalusia ya Waarabu, halafu kwenye mwisho mwisho wa karne ya 15 wapigaji wakaanza kuweka risha (ile ya kukwangulia nyuzi) chini wakatumia vidole, na hapo ndipo mtu mmoja akaweza kupiga kwa mpigo sauti nne: soprano ya juu kabisa, alto, tena (yaani tenor, iliyo juu ya besi) na besi ya chini. Sasa shida ni hii, muziki wa makundi ya viola (viola da gamba, ala ya nyuzi ya upinde) wa wakati ule una sauti nne au tano, kila moja na njia yake, na wewe mkono wa kushoto una vidole vinne tu vya kubana nyuzi. Ni kama watu watano kwenye tuktuk, lazima kuna mtu atakaa mapajani na kuna mtu atashuka.

Luti yenyewe kuipata hapa mjini ni kazi. Chukua gitaa la nyuzi za nailoni, uzi wa tatu ushushe nusu toni kutoka G mpaka F#, bana kapo (kile kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya 3 (freti ni vile vigawanyo vya shingoni), ushapata G C F A D G, ndio tuni ya luti ya jozi sita. Udi usijaribu, hauna freti, kodi (chord, noti kadhaa kwa mpigo) za sauti nne zitakutoa jasho bure.

Noti utazipata bure IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni. Anza na Anthony Holborne, mtunzi Mwingereza, kitabu chake cha 1599 kina vipande 65 vya sauti tano, vingi ni vya densi na vifupi, na kimoja, The Fairie Round, kimo kwenye ile rekodi ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Uzuri ni kwamba Holborne mwenyewe alikua mpiga luti na baadhi ya vipande vyake viko pia kwa luti peke yake, kwa hio ukimaliza chako unalinganisha na chake.

Usianze na kodi. Andika besi na soprano peke yake, mwanzo mpaka mwisho, upige mpaka ziende zenyewe. Besi ikishuka chini ya G ya uzi wa sita una njia mbili, upandishe kipande chote au hizo noti uzirushe okteva juu (noti ile ile, ya juu zaidi), lakini angalia zisiipite sauti ya tena manake besi ikikaa juu ya sauti ya tena kodi yote inageuka na sikio linajua. Kubadilisha kii (noti ya msingi ya kipande) si dhambi, Lachrimae ya John Dowland, mtunzi na mpiga luti Mwingereza, ya luti peke yake iko G minor na ile ya viola ya 1604 iko A minor.

Ndio sasa urudishe sauti za kati, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Vincenzo Galilei, babake yule mwanasayansi Galileo, kwenye kitabu chake Fronimo cha 1568 alikua mkali, anataka sauti zote zibaki. Mimi namheshimu mzee lakini sikubaliani, ukibana kila noti muziki unakwama. Noti iliyojirudia okteva toa, noti ya tano ya kodi toa, ya tatu usiiguse. Sauti inapoingia na ule wimbo ambao mwenzake ameuanza lazima isikike, hata kama nyingine zinanyamaza kidogo, na kwenye kituo cha mwisho wa mstari ile noti inayong'ang'ania halafu inashuka ibaki, ndio utamu wenyewe. Kuna mahali utakuta soprano ina F na alto ina E, zote zinataka uzi wa pili, freti ya 3 na ya 2 (ukihesabu kutoka kapo), basi E ipeleke uzi wa tatu freti ya 7 kama vidole vinafika, visipofika pumzisha alto.

Viola ina upinde, inavuta noti mpaka ichoke, luti ukiigusa inazima. Noti ndefu ipige tena kwenye pigo zito au uijaze na noti ndogo ndogo za kukimbia. Pavani, ile densi ya polepole, huwa na sehemu tatu na kila moja inarudiwa, kwa hio mara ya kwanza piga wazi, mara ya pili pamba. Mbio hizo piga kwa dole gumba kisha cha shahada, kwa zamu, gumba ndio pigo zito, mtu wa udi ataelewa haraka manake ni risha chini risha juu ile ile.

Ukiandika tablatura ya Kifaransa, yaani maandishi ya kuonyesha pa kubana kwa herufi, a ni uzi mtupu, b freti ya kwanza, endelea hivo, lakini baada ya i inakuja k, j haipo. Halafu imba sauti ya tena peke yake huku unapiga zilizobaki, ukipotea njia ujue kuna mahali umeikata vibaya, rudi hapo.