Stima Ikirudi: Kupanga Huduma Zinazoanza na Kompyuta ya Linux

Mombasa kompyuta ya duka haizimwi na mwenyewe peke yake. Stima hupotea mchana, ikarudi baada ya dakika chache, na mashine ya kaunta pale Mwembe Tayari inatakiwa iamke yenyewe, ishike mtandao, ifungue hifadhidata ya stoki na printa iitike kabla mteja hajachoka kusimama. Kwa hiyo kupanga huduma zinazoanza na mashine, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, si kutafuta sekunde mbili tatu za kasi. Shabaha ni kila kitu kiamke kwa zamu yake bila mtu kugusa. Maelezo haya ni ya Ubuntu na Debian, ambazo tangu 2015 huja na systemd kama msimamizi wa kuwaka kwa mashine.

Anza nje ya Linux. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla Linux haijaanza), tafuta mpangilio unaoandikwa Restore on AC Power Loss au After Power Failure, uuweke Power On. Bila hilo, hata huduma zikipangwa vipi, mashine italala mpaka mtu abonye kitufe. Kagua pia betri ya ubao mama, aghalabu CR2032. Ikifa, stima ikikatika saa hubaki nyuma mpaka mtandao upatikane, na kabla ya hapo risiti hutoka na tarehe mbovu na tovuti salama hukataa kufunguka.

Sasa fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, utazame hali ilivyo kabla ya kugusa chochote:

systemctl list-unit-files --type=service --state=enabled
systemd-analyze blame
systemd-analyze critical-chain

Amri ya kwanza inaorodhesha huduma zilizoruhusiwa kuanza na mashine. Ya pili inapanga huduma kwa muda zilizotumia, na hiyo ndiyo inayopotosha wengi: huduma huanza kwa pamoja, kwa hiyo iliyo juu kabisa huenda haikumchelewesha yeyote. Amini zaidi ya tatu. Inaonyesha nani alimngoja nani. Namba baada ya @ ni wakati huduma ilipokuwa tayari, na baada ya + ni muda iliotumia kuanza.

Kuzima huduma usiyoihitaji ni mstari mmoja:

sudo systemctl disable --now bluetooth.service

Neno disable huiondoa kwenye orodha ya kuanza na mashine. Nalo --now huisimamisha papo hapo. Ukitumia stop peke yake, itarudi mashine ikiwashwa tena. Bluetooth kwenye kompyuta ya kaunta haina kazi, izime. ModemManager izime tu ikiwa hutumii modemu ya laini ya simu, na wengi huitegemea laini hiyo fiba ikikatika. Kuhusu avahi-daemon, fikiri kwanza: printa za mtandao hugunduliwa kupitia kwake. Zenye majina yanayoanza na systemd-, pamoja na dbus na NetworkManager, ziache. Zile orodha ndefu za huduma za kuzima zinazosambazwa mitandaoni hazijui duka lako lina nini.

Kuna huduma zinazozimwa na bado zikaamka. Mfano ni cups, ya uchapishaji. Ina yuniti nyingine mbili (yuniti ni kitu chochote kinachosimamiwa na systemd) zinazoilindia mlango, na mtu akituma karatasi zinaiita. Kama mashine haichapishi kabisa, zima zote kwa pamoja:

sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path

Na ikiwa huduma haitakiwi kuamshwa na yeyote, tumia mask badala ya disable. Mask huielekeza kwenye /dev/null, faili ambalo daima ni tupu, hivyo hata huduma nyingine ikiiomba haipati. Hatari yake ni hiyo hiyo: ikiwa huduma nyingine imeandikwa Requires (lazima iwepo) kwa hiyo uliyoifungia, nayo haitaanza. Kuifungua ni unmask.

Tatizo linalosumbua zaidi baada ya stima kurudi ni mbio kati ya kompyuta na rauta. Kompyuta yenye SSD (diski ya kasi) inaweza kuwa tayari chini ya nusu dakika, huku rauta ya fiba bado inawasha taa zake. Huduma inayohitaji mtandao inajaribu, inaanguka, inajaribu tena. Kwa kawaida systemd hungoja milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na huduma ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10 huachwa ikiwa imekufa. Yaani majaribio yote yameisha kabla rauta haijatoa hata anwani moja, halafu mwenye duka anaambiwa programu imeharibika.

Dawa yake ni kuongeza maelekezo bila kugusa faili la asili. Tuseme huduma yenyewe inaitwa stoki:

sudo systemctl edit stoki.service

Andika humo:

[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target mariadb.service
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=15

Sasa itajaribu kila sekunde 15 bila kukata tamaa. Angalia kwamba After hupanga zamu tu, haimwiti mtu. Wants ndiyo huita. Ukiandika After=mariadb.service na MariaDB yenyewe, yaani hifadhidata, haijaruhusiwa kuanza na mashine, hakuna kitakachoiamsha, kwa hiyo hakikisha kwa systemctl is-enabled mariadb. Ukihariri faili kwa mkono badala ya kutumia edit, malizia kwa sudo systemctl daemon-reload, la sivyo mabadiliko hayasomwi.

Ikiwa programu yako inasikiliza kompyuta za ndani ya duka tu, kwenye anwani zote, usiingojeshe network-online, yaani mtandao uwe tayari. Utaichelewesha bure.

Mtego mwingine ni diski ya nje ya akiba iliyoandikwa kwenye /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka. Mtu akiichomoa kwenda nayo nyumbani, mashine huingoja sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura, skrini nyeusi inaomba nywila, na kaunta inasimama. Kwenye mstari wa diski hiyo ongeza nofail,x-systemd.device-timeout=10s.

Jaribio la kweli si reboot, maana wakati huo rauta iko hewani tayari. Zima kompyuta kwa utaratibu, zima swichi ya ukutani inayolisha kompyuta na rauta, ngoja dakika moja, kisha washa vyote kwa pamoja. Usichomoe waya mashine ikiwa inafanya kazi, hifadhidata haipendi. Vikishatulia:

systemctl --failed
journalctl -b -u stoki.service

Orodha ya kwanza iwe tupu. Ya pili isome kuanzia juu: kosa la mwanzo ndilo lenye sababu, yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake.

Ukiwa umeongeza kitu na sasa mashine inakwama ikiwaka, usikimbilie kuisakinisha upya. Mashine ikianza, shikilia Shift, au bonyeza Esc kwenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS), mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, acha nafasi na uandike:

systemd.mask=stoki.service

Kisha Ctrl+X. Huduma hiyo itarukwa kwa mara hiyo moja tu, mashine itafunguka, nawe utapata nafasi ya kuendesha sudo systemctl revert stoki.service, inayofuta yote uliyoyaongeza kwa edit. Kama huduma uliiunda mwenyewe chini ya /etc, revert haitalifuta faili lake la asili. Ukitaka kubakiza baadhi ya uliyoyaongeza, rudi kwenye edit ufute mistari iliyoleta matata tu.