Namna ya Kupima Thamani Halisi ya Mchezaji wa Mpira wa Kikapu

Anayempima mchezaji kwa wastani wa pointi peke yake huona kilichoingia kikapuni, lakini haoni mitupo iliyotumika kukiingiza. Kwa hiyo anza na gharama ya kila pointi. Chukua idadi ya mitupo ya kawaida, ongeza mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, jumla hiyo izidishe kwa 2, kisha gawanya pointi zote kwa jibu ulilopata. Ile 0.44 haikuokotwa njiani: si kila mtupo huru humaliza zamu ya timu kushambulia, kwa kuwa aliyefunga huku akichezewa rafu hupewa mmoja wa ziada, na aliyechezewa rafu akitupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu hupewa mitatu.

Tuseme mchezaji mmoja amefunga pointi 25 kwa mitupo 22 na mitupo huru 4, na mwenzake 18 kwa mitupo 11 na mitupo huru 6. Wa kwanza anapata takriban asilimia 53, wa pili 66. Hata hivyo, usimtawaze wa pili haraka. Tazama pia ni mashambulizi mangapi ya timu yanayoishia mikononi mwake, maana anayepokea pasi akiwa chini ya kikapu hana sababu ya kukosa, ilhali anayeachiwa mpira sekunde zikiyoyoma hutupa pale wenzake waliposhindwa.

Linganisha wachezaji kwa kila mashambulizi 100, si kwa kila mchezo, kwani timu zinazokimbia sana huvimbisha takwimu za kila mtu.

Kipimo cha PER (Player Efficiency Rating, yaani kiwango cha ufanisi wa mchezaji), alichokibuni mchambuzi wa takwimu za kikapu John Hollinger, hukusanya mambo mengi katika namba moja ambayo wastani wake katika ligi ni 15. Ni chepesi kutumia, ila katika ulinzi hutegemea zaidi mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa, na ulinzi mwingi mzuri hauachi alama yoyote kwenye karatasi ya matokeo. Mchezaji Shane Battier alipokuwa katika timu ya Houston Rockets ya Marekani alifunga pointi chache, lakini alijua mpinzani wake hukosea akitupa kutoka wapi, naye akamsukumia huko.

Mchezaji wa namna hiyo hutafutwa kwa tofauti ya pointi kati ya timu yake na wapinzani wakati yeye yuko uwanjani, ikilinganishwa na wakati yuko benchi. Hapa pana mtego, kwa sababu anayecheza daima pamoja na nyota huvuna asichopanda. Ndiyo maana watakwimu hurekebisha hesabu hiyo kwa kuzingatia wachezaji wote kumi waliokuwa uwanjani. Hata ikisharekebishwa, hubadilika mno katika michezo michache, na kabla ya msimu kwisha mimi huichukua kama dokezo tu la mchezo upi niurudie kuutazama.