Somo: Kuikagua IBM PC ya zamani, au inayodaiwa kuendana nayo, kabla ya kuinunua

Hapa Mbeya, kompyuta yoyote ya miaka ya 1980 inayotolewa stoo huuzwa kwa jina la IBM, hata kama jina hilo halijaandikwa popote kwenye ganda lake. Somo hili ni la mtu anayetaka mashine ya kufanyia kazi, si pambo la sebuleni. Muuzaji akiharakisha kuichomeka ukutani ili akuonyeshe kuwa ni nzima, mzuie kwa upole.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha pawa saplai. IBM PC 5150 zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 1981 zilikuwa na pawa saplai ya volti 120 na wati 63.5 tu. Ukiichomeka mashine ya namna hiyo kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme, utaiunguza papo hapo.

Hatua ya 2: Ifungue. Ganda la bati nene na skrubu zilizotimia ni dalili njema, lakini uzima wenyewe uko kwenye bodi mama. Mulika kwa tochi kapasita ndogo za tantalum, zenye umbo la tone. Ikiwapo iliyoungua au kupasuka, iandike. Kisha chomoa plagi za pawa saplai na upime kwa mita, kwenye bodi, kati ya njia ya volti 12 na ile ya nyaya nyeusi (ardhi): ukinzani ukiwa karibu na sifuri, kapasita mojawapo imeshoti. Kosa hilo hutengenezeka kwa gharama ndogo, kwa hiyo lisikukatishe tamaa, ila likupe nguvu ya kupunguza bei. Ukirudisha plagi mbili za bodi, hakikisha nyaya nyeusi zinakutana katikati.

Hatua ya 3: Tafuta betri. Bodi ya 5150 haina, lakini bodi nyingi za kompyuta za baadaye, zenye prosesa ya 286 au 386, zina betri ya pipa iliyochomelewa, na ikivuja huacha ukungu wa kijani unaokula njia za shaba hadi chini ya soketi. Mimi bodi iliyoliwa hivyo siinunui, isipokuwa kwa ajili ya vipuri.

Hatua ya 4: Sasa washa. Mlio mmoja mfupi maana yake ukaguzi wa ndani umepita. Namba 201 huonyesha hitilafu ya kumbukumbu, 301 ya kibodi, na 1701 ya diski kuu au kadi yake.

Hatua ya 5: Pima kama kweli inaendana. Kuendesha mfumo endeshi wa MS-DOS si ushahidi wa kutosha, kwa sababu mashine kama DEC Rainbow ya mwaka 1982 iliendesha MS-DOS, lakini programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya IBM zilishindwa kufanya kazi ndani yake. Programu hizo ziliipita BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye chipu za bodi) na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Ndiyo maana wanunuzi wa wakati ule walipima kwa Lotus 1-2-3 (programu ya majedwali ya hesabu) na Flight Simulator (mchezo wa kurusha ndege), na mpaka leo sijaona kipimo cha haraka kinachozishinda. Kama ni 5150 halisi, fungua DEBUG, programu ndogo inayokuja na DOS, na uandike d f000:fff5, kisha usome tarehe ya BIOS upande wa kulia: 10/27/82 inakubali kadi ya diski kuu, lakini 04/24/81 na 10/19/81 hazikubali.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kibodi inaingia vizuri kwenye tundu lake, lakini haiandiki herufi hata moja. Je, imekufa?

Jibu: Marahaba. Yawezekana ni nzima. Kibodi za XT na za AT (kompyuta za IBM zilizoifuata 5150) zina plagi ileile ya pini tano, lakini namna zinavyowasiliana na mashine ni tofauti. Igeuze uangalie chini; baadhi zina swichi ya kuchagua X au A.

Mwanachama, Iringa: Je, naweza kuazima monita ya rangi kwa mwenzangu nijaribie, maana tundu la pini tisa linafanana?

Jibu: Thibitisha kwanza aina ya kadi ya skrini. Kadi ya MDA (ya maandishi ya rangi moja) na ya CGA (ya rangi) zina tundu linalofanana, ila mwendo wa mawimbi yake haulingani, na monita isiyo yake inaweza kuungua.

Mwanachama, Njombe: Nimepewa flopi pamoja na mashine, zimekaa miaka mingi kwenye chumba chenye unyevu. Nizijaribu?

Jibu: Usiziingize bado. Zungusha kitovu cha kila flopi kwa kidole huku ukitazama kwenye dirisha lake. Ukiona madoa meupeupe, hiyo ni kuvu, na itachafua kichwa cha draivu kisha ikwaruze flopi zitakazofuata. Zilizo safi zijaribu, lakini kumbuka kuwa flopi iliyoandikwa kwenye draivu ya MB 1.2 mara nyingi haisomeki vizuri kwenye ile ya KB 360.