Manunuzi ya msimu wa machipuo bila kumaliza hela

Kabla hujatoka na pochi, anzia stoo. Mbegu za mwaka jana usizitupe, chukua 10, zikunje kwenye tishu yenye unyevunyevu, weka ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye joto, baada ya wiki hivi funua uhesabu, zikichipua 7 au 8 bado nzima kabisa, zikichipua 3 tu ndo ununue mpya (pilipili zinachelewa, zipe wiki mbili). Mi nikiona kale kamzizi keupe kametokeza nafurahi kweli, hela imebaki mfukoni.

Vyungu vya miche usinunue, makopo ya mtindi yanatosha, toboa matundu chini maji yasituame. Hela uliyookoa nunulia mboji nzuri, hapo usibane.

Kwa ndege wanaokuja bustanini, achana na ile michanganyiko ya chakula ya bei chee iliyojaa ngano, wale wadogo wengi wanaichambua na kuimwaga chini tu. Nunua alizeti nyeusi tupu isiyo na chumvi, tena kidogo kidogo, maana ikikaa inaota ukungu na ukungu unawaua jamani. Na maji pia, sahani pana ya kina cha sentimita 2 mpaka 5, badilisha kila siku.

Ndani ya nyumba siki na maji nusu kwa nusu inang'arisha vioo vizuri tu, ila kwenye marumaru usiguse, inakula jiwe, na usije ukaichanganya na dawa yenye klorini, inatoa gesi ya sumu.