Treni ya usiku: kata tiketi ya kitanda cha chini

Wewe unayetoka Nairobi na begi la mgongoni kwenda Thailand, treni ya usiku ya Bangkok hadi Chiang Mai, daraja la pili, kata tiketi ya kitanda cha chini. Bei imezidi kidogo tu, lakini ni kipana na kina dirisha. Cha juu hakina dirisha, na taa za behewa zinakumulika usoni usiku kucha.

Kiyoyozi nacho ni baridi ya Limuru mwezi wa Julai! Beba shuka la Kimaasai na soksi nzito. Mimi siku hizi sisafiri bila hivyo. Pasipoti, simu na pesa ulale navyo, kwenye kipochi ndani ya shati. Alfajiri vuta pazia utazame milima ya kaskazini.