Simu Inasema "Toka Kulia", na Kulia ni Ukuta

Ukihamia Seattle, kila mtu atakuonya kuhusu mvua. Kuhusu leni za haraka za barabara kuu ya I-5, zinazogeuza mwelekeo kulingana na saa, watu hunyamaza, hadi siku utakapopotea mwenyewe.

Leni hizo zimewekwa ndani ya barabara kuu, kuanzia katikati ya mji hadi Northgate, kama maili 7 hivi. Siku za kazi, asubuhi magari hushuka kusini kuelekea mjini. Kabla ya adhuhuri hufungwa, hukaguliwa, kisha hufunguliwa kwenda kaskazini hadi saa tano usiku. Lami ni ileile, magari ndiyo yamegeuka. Kukiwa na matengenezo ratiba nayo hubadilika.

Sasa fika daraja la Ship Canal. Barabara ya kawaida inapita juu, leni za haraka chini yake. Setilaiti inaweza kuiambia simu uko sehemu gani ya mji, lakini juu au chini ya daraja ni swali gumu kwake, na zege lililo juu ya kichwa chako huzidi kuvuruga mawimbi. Ukiendesha Mombasa Road chini ya Nairobi Expressway, simu yako ina mtihani huohuo.

Jioni moja nilikuwa nampeleka shemeji U District, mtaa wa chuo kikuu, kwa leni za haraka. Simu ikasema, "Toka kulia, Mtaa wa 45." Kulia palikuwa na ukuta. Kumbe aliye kwenye leni za haraka hutokea Mtaa wa 42, nami nilikuwa nimeshaupita nikiusubiri wa 45. Tuliibukia Northgate, shemeji akitazama saa bila kusema neno. Heri angelalamika.

Kwa hiyo, kabla hujawasha gari, itazame njia nzima kwenye ramani: inapita leni za haraka? Unatokea wapi? Kama hujui, baki barabara ya kawaida, foleni haijawahi kumpoteza mtu. Mlangoni, sikiliza kibao, si simu. Ukiona X nyekundu au kizuizi kimeshuka, usiingie hata simu ikibembeleza, maana magari huenda yanakuja usoni kwako. Ukipitwa na njia yako, endelea hadi inayofuata. Usirudi nyuma kamwe. Na ramani iliyokuja na gari, kama haijasasishwa miaka mingi, hiyo usiitegemee kabisa.

Walioko Virginia na Georgia, ambako nako kuna leni za kugeuza mwelekeo, wana jambo la ziada: pesa. I-95 ya Virginia, mkiwa watu watatu au zaidi mnapita bure, ila lazima uwe na E-ZPass Flex, kifaa cha kulipia barabara, na swichi yake uiweke HOV (gari lenye watu wengi) kabla ya kuingia. I-75 ya Georgia, upande wa Marietta, ni Peach Pass, njia yao ya kulipia, na hata ukijaza gari kwaya nzima, unalipa. Huko, kuiamuru simu ikwepe barabara za kulipia kunasaidia. Seattle hakusaidii kitu, leni zenyewe ni za bure.