Jinsi ya kupima nuru ya kwasari 3C 273 kwa darubini ya nyumbani

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo gesi inalizunguka shimo jeusi kubwa mno, ikapata joto na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo. 3C 273 iko umbali wa miaka nuru zaidi ya bilioni 2, lakini darubini yenye kioo cha sentimita 20 inatosha kuichunguza.

1. Vifaa. Kamera ya picha nyeusi na nyeupe, na Star Analyser 100, yaani kioo chenye mistari 100 kwa kila milimita kinachoitawanya nuru iwe spektra, yaani utepe wa rangi zake. Kikishafungwa mbele ya kamera, usikisogeze tena usiku huo.

2. Anza na Denebola, nyota angavu ya kundinyota la Simba. Spektra yake ina mistari myeusi ya haidrojeni. Hesabu pikseli kutoka kwenye nukta ya nyota hadi mstari wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 486, kisha gawa 486 kwa idadi hiyo. Umepata nanomita kwa kila pikseli.

3. Hamia 3C 273. Iko kwenye kundinyota la Mashuke. Kwetu Afrika Mashariki inapita karibu na utosi, na mwezi Juni, masika yakishakwisha, iko juu mara giza linapoingia. Ni nukta hafifu, mwangaza 12.9 (namba ikiwa kubwa, nuru ni hafifu zaidi), hivyo hakikisha kwa ramani ya nyota. Piga picha nyingi za sekunde 30 hadi 60, uziunganishe kwa programu, kisha toa mwanga wa anga.

4. Soma grafu ya mwangaza wa spektra kwa kila nanomita. Hapa usiwe na haraka. Utaona vilima vipana, si mistari myembamba. Tafuta kimoja karibu na nanomita 563 na kingine karibu na 503. Kilima kimoja peke yake hakithibitishi kitu, linganisha uwiano. Mistari ya haidrojeni isiyovutwa iko kwenye 486 na 434: 563 ÷ 486 ni 1.158, na 503 ÷ 434 ni 1.159. Ni haidrojeni ileile, yote imevutwa kwa kiasi kimoja kuelekea wekundu. Mpangilio huo ndio alioutambua mwanaastronomia Maarten Schmidt mwaka 1963. Kilima kingine cha haidrojeni, cha nanomita 760, kitumie kwa tahadhari, maana oksijeni ya angahewa letu inafyonza nuru papo hapo.

5. Toa 1 kwenye uwiano huo. Jibu ni takriban 0.158, ndiyo redishifti, yaani kiasi ambacho nuru imevutwa kuelekea wekundu.

Upana wa vilima unatokana na kasi ya gesi, maelfu ya kilomita kwa sekunde. Usiupime kwa kifaa hiki: chenyewe kinatanua mistari karibu kiasi hichohicho. Kwa kazi hiyo unahitaji spektrografu yenye mwanya, yaani kifaa kinachoipitisha nuru kwenye ufa mwembamba kabla ya kuitawanya.